Watu Wazima wa Rughenda, Turudi Darasani

Tumezoea kuamini kwamba mtu akishapata Diploma ya Serikali amemaliza masomo. Asiyeipata naye husema masomo yamekwisha kumpita. Wote wawili wamepotea njia moja: wamedhani elimu ina umri wake, kama meno ya utotoni. Mimi nawataka watu wazima wa hapa Rughenda, na wa mitaa yote ya mji huu wa Butembo, warudi kukaa kwenye benchi la darasa. Na darasa ninalowapendekezea ni la kupiga picha.

Najua nitakavyojibiwa. Tuna vita, barabara ni matope, watoto wanadaiwa pesa ya shule, kisha mtu atuletee habari za kamera! Sikidharau kilio hicho. Tangu Oktoba 2014 wenzetu wa eneo la Beni wamezika jamaa zao waliochinjwa. Agosti 2018 Ebola ikatangazwa Mangina, ikatuandama hadi Juni 2020, ikaondoka na watu zaidi ya 2,200. Lakini hebu fikirini: katika miaka ile ulimwengu ulituona kwa picha zaidi kuliko wakati wowote. Ulituona kandoni mwa makaburi, na wauguzi waliofunikwa mwili mzima. Zilikuwa picha za kweli, na baadhi ya waliozipiga walihatarisha uhai wao. Hata hivyo, miaka hiyohiyo watu walioana, kahawa ilianikwa, watoto walibatizwa, akina mama walishuka sokoni na maharagwe yao. Nani aliyatunza hayo? Simu zetu zimejaa picha, ndiyo, ila nyingi tumezipiga bila kutazama, na simu ikiibwa zinakwenda nayo.

Kutazama ndilo somo lenyewe. Chukueni mwanafunzi wa miaka 55. Anaambiwa ampige picha mama aliyesimama kilimani, nyuma yake anga jeupe la asubuhi yetu ya ukungu. Picha inatoka na uso mweusi tii, macho hayaonekani. Atadhani kamera ni mbovu. Mwalimu anamweleza kwamba kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa na rangi ya kijivu cha wastani. Kikikutana na anga jeupe, hupunguza mwanga wote, na uso wa mtu ndio unaopata hasara. Kwa sababu hiyohiyo gauni la bibi harusi hutoka la kijivu. Dawa yake ni kuikatalia kamera: kuongeza mwanga kwa makusudi, au kumgeuza mama aangalie upande wa nuru. Hapo mwanafunzi ameanza kuelewa ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao nuru inaachwa iingie, na wepesi wa filamu au wa kifaa kinachoipokea nuru hiyo. Akibadilisha kimoja, vingine viwili vinamdai.

Tena sisi tunakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mchana jua husimama utosini na kuchimba mashimo meusi chini ya nyusi za watu. Jioni nuru laini hupita upesi mno. Basi mtu aliyetembea njia ya Rughenda tangu ujana wake anajikuta, kwa mara ya kwanza, akingoja saa kumi na moja ili aone mikaratusi inavyolaza vivuli barabarani. Huo ndio msisimko ninaousema. Haumjii mtu akiwa amelala. Humjia akiwa na kazi ya kufanya ambayo bado haijui.

Kuna jambo gumu kuliko lenzi, nalo ni heshima. Katika darasa la namna hii mwalimu huenda akawa kijana wa miaka 23, na mwanafunzi ni babu mwenye wajukuu. Kijana atamwita Mzee, kama inavyompasa. Je, mzee ataweza kumwita yule kijana Mwalimu, na kukosolewa naye mbele ya watu? Nawasihi wazee wenzangu, tuweze. Mfanyabiashara wa Butembo huvuka bahari hadi Dubai na Guangzhou, akajifunza bei na lugha kwa watu asiowajua. Iweje ashindwe kujifunza kwa mtoto wa jirani?

Wala tusiseme kwamba ufundi huu ni wa waliozaliwa nao. Jean Depara, ambaye picha zake zimehifadhi usiku wa Kinshasa ya rumba, alinunua kamera ndogo mwaka 1950 ili aweke kumbukumbu ya ndoa yake. Mkate wake wa kwanza mjini ulikuwa kutengeneza baiskeli, saa na kamera za watu. Pamela Tulizo wa Goma alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kugeukia kamera, na mwaka 2020 akashinda tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana. 

Na yupo Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka 47, jina lake limekwisha kujulikana kila mahali. Angekaa nyumbani, nani angemlaumu? Akawekewa mkono wa bandia, akajifunza upya kuishika kamera, akarudi kazini. Mwenye mikono miwili atajitetea kwa lipi?

Hapa kwetu pia hatukosi mfano. Mwaka 1989, zama za Askofu Emmanuel Kataliko, Chuo Kikuu cha Graben kilianza mjini mwetu. Watu walioweza kuwapatia watoto wao chuo kikuu hawawezi kushindwa kujipatia chumba kimoja cha kusomea siku ya Jumamosi. Ukumbi wa parokia unatosha. Simu yenye kamera inatosha kuanzia.

Sharti langu ni kwamba darasa lianze kwa adabu. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Msimgeuze mfiwa kuwa maonyesho. Kamera msiielekeze kwenye uwanja wa ndege wala kwa askari. Hapa Rughenda kosa hilo laweza kumfikisha mtu pabaya. Kila picha iandikwe jina la mtu, mahali na tarehe, kisha ichapwe kwenye karatasi na nakala nyingine iwekwe kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine.

Nanyi wenye studio, mliopiga picha za harusi na vitambulisho vyetu tangu enzi za filamu, mnayo makatoni ya negativi zinazooza na maarifa ambayo hamjamwachia mtu. Bandikeni tangazo mlangoni wiki hii: watu wazima wanapokelewa, mwanzo Jumamosi saa nane, baada ya soko.