Aliyeandika kutoka Ulyankulu ajibiwe

Na Mihayo Kapela

Tabibu wa zahanati ya kijijini Ulyankulu akifungua sehemu ya maoni kwenye kishikwambi na kuandika kwamba maelekezo fulani ya programu ya matibabu hayatekelezeki, maneno yake yanamfikia nani? Wengi hudhani hilo ni la mafundi wa kompyuta. Mimi naliona ni la matibabu, tena la haraka, maana vifaa hivi vinazidi kuja. Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kupata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Watu hao watahitaji simu zinazowashauri vizuri, na mtu wa kuwasikiliza zinapowashauri vibaya.

Tuangalie kazi yenyewe. Mtoto wa miezi 9 ana kikohozi. Mama amempakata, tabibu amepandisha kifulana, macho kifuani pa mtoto, anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zimefika 52. Kwa umri huo, kuanzia 50 ni kupumua kwa haraka, hivyo programu iliyojengwa juu ya mwongozo wa WHO itasema ni nimonia, mpe amoksilini. Hapo hakuna ugomvi. Lakini mtoto huyohuyo akishindwa kunyonya, au akapoteza fahamu, skrini itasema: mpe rufaa haraka.

Sentensi hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Ulyankulu ilifunguliwa porini mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Masika mbuga zikijaa maji, gari linaweza kukwama huku mtoto anazidiwa. Tabibu anayeuliza afanye nini wakati anasubiri usafiri hajalalamika, ameonyesha pengo. Mwongozo wa WHO una dozi ya kwanza ya kutolewa kabla ya rufaa, na una maelekezo kwa mahali ambapo rufaa haiwezekani. Kama programu imeviacha, irekebishwe, na aliyeuliza aambiwe kwamba swali lake ndilo lililoleta marekebisho.

Si kila maoni yatakubaliwa, wala si yote yanayopaswa kukubaliwa. Kati ya mwisho wa 2021 na 2022, vituo 40 vya Mbeya na Morogoro vilishiriki utafiti wa programu ya ePOCT+, iliyomwongoza tabibu hatua kwa hatua katika kumtibu mtoto. Vituo vilivyoitumia vilipewa pia vipimo vya nyongeza, kikiwemo cha oksijeni, na matabibu wake walifuatiliwa na kushauriwa. Huko antibiotiki ziliandikwa kwa watoto 23.2 katika kila 100. Kwingine zilikuwa 70.1, na watoto wa vituo vyenye programu hawakupona vibaya zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Basi tabibu akiandika kwamba programu inamnyima dawa na akina mama wananung'unika, jibu la haki ni kumkatalia, lakini kwa kumpa sababu na takwimu, kwa lugha atakayoweza kumweleza mama aliyetembea tangu alfajiri.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni lile jibu la mashine: tumepokea maoni yako, asante. Mtu aliyejibiwa hivyo mara mbili haandiki tena. Atatafuta njia ya kuipita programu. Amehesabu pumzi 44 za mtoto wa umri uleule, ataingiza 54, dawa itatoka, mama ataondoka ameridhika, na makao makuu watasoma ripoti ya nimonia ambayo haikuwepo. Hasara hiyo haionekani popote, ndiyo maana inaniogopesha.

Nchi hii imewahi kubadilisha tiba kwa sababu vituo vilisema ukweli. Mwaka 2001 tuliiacha klorokwini kwa malaria baada ya ufuatiliaji kuonyesha wagonjwa wanarudi na homa ileile. Tukahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Wakati ule mabadiliko yalisubiri vitabu vichapwe na semina ziitishwe. Leo programu husasishwa usiku mmoja, na hapo pana hatari nyingine: tabibu aliyesoma dozi moja Jumatatu anakuta nyingine Jumanne, bila neno. Kila badiliko la maudhui lionekane kwenye skrini: nini kimebadilika, lini, kwa ushahidi gani, na daktari gani ameidhinisha. Lisomeke hata mtandao ukiwa umekatika, maana huko kwetu hukatika.

Pawepo daktari anayelipwa kuyasoma maoni, asiachiwe mwandika programu. Suala la dozi lisivuke siku moja bila jibu. Lile ambalo ni sera, lifike wizarani likiwa na jina la kituo kilichouliza, na kituo kiambiwe limefikia wapi. Na mtu yeyote anayeleta programu yake Kaliua, wilaya iliko Ulyankulu, au wilaya nyingine, kabla ya kuonyesha uzuri wa skrini zake, aombwe daftari la maoni ya mwaka uliopita pamoja na majibu aliyotoa, na Mganga Mkuu wa Wilaya alisome ukurasa kwa ukurasa.