Mahindi yenye ukungu: tunachowapa wanyama kinarudi mezani

Mwezi wa nane 2024, Zambia ilitangaza habari iliyoshitua wengi: mbwa karibu 400 walikuwa wamekufa baada ya kula chakula cha mahindi. Waziri wa Afya, Elijah Muchima, alieleza kwamba sampuli zilipimwa kutoka viwanda 25 vya kusaga, na karibu nusu zilikutwa na kiwango kikubwa cha aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu. Unga uliohusika ukaondolewa sokoni.

Sisi wa Katanga hatuwezi kusema hiyo ni habari ya wengine. Sehemu kubwa ya mahindi na unga wa bukari unaoliwa Lubumbashi hutoka Zambia, mara nyingi kwa kupitia Kasumbalesa. Na kutoka kwa mahindi hayohayo tunapata pumba za kulisha kuku na nguruwe wetu.

Sumu hii inaanzia shambani. Kuvu inayoitwa Aspergillus flavus inaishi katika udongo na kupenda joto. Mmea ukipata kiu, nguvu zake za kujikinga zinapungua, na wadudu wakitoboa punje wanafungua mlango. Mwaka ule Zambia ilikuwa na ukame mkali, hata Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la taifa tarehe 29 mwezi wa pili. Mlango mwingine ni ghala: mahindi yakifungwa kabla ya kukauka, kuvu inaendelea kukua ndani ya gunia. Ndugu zetu wa Kivu wanajua taabu hiyo, maana huko mavuno ya mwezi wa kwanza na wa pili yanakutwa na mvua.

Basi gunia likionekana lina ukungu, sisi husema nini? “Si kitu, tutawapa kuku.” Hapo ndipo kosa lilipo. Aflatoksini ilijulikana kwa mara ya kwanza kwa njia ya mifugo: mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Kuku ni wagumu kidogo kuliko bata, lakini ini lao linaharibika, hawakui vizuri, mayai yanapungua, na chanjo haifanyi kazi inavyopaswa. Mfugaji anafikiri ni ugonjwa, ananunua dawa, kumbe adui yuko ndani ya chakula.

Kwa ng’ombe wa maziwa ni vibaya zaidi. Sehemu ya sumu aliyokula inaingia katika maziwa ndani ya siku moja au mbili, na kuchemsha hakuiondoi. Hivyo mtoto anayekunywa maziwa hayo anapokea tulichofikiri tumekitupa. Kwa binadamu sumu hii inaleta saratani ya ini, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye hepatitisi B, ugonjwa ulioenea sana kwetu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Mahindi yanapokobolewa, sumu nyingi inabaki katika ganda na kiini. Unga mweupe unatoka na sumu kidogo, pumba zinabeba iliyo nyingi. Kwa hiyo tukikagua unga wa watu tu, hatujaondoa sumu. Tumeihamisha kutoka sufuria kwenda zizini. Mahindi yaliyokataliwa kiwandani yatatafuta mnunuzi wa bei ndogo, naye mara nyingi ni mfugaji maskini.

Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia. Ingefaa pumba na vyakula vya mifugo vipimwe sawasawa na unga. Toka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kanuni yake kwa mahindi hairuhusu aflatoksini kupita mikrogramu 10 kwa kilo. Kipimo kipo, kinachohitajika ni kukitumia mpakani na sokoni.

Lakini mkulima asingoje serikali. Avune kwa wakati, aanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kabla ya kufunga magunia, aweke mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, atikise, angoje robo saa: chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado ni mabichi. Achambue punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa, kwa sababu mara nyingi punje chache ndizo zinazobeba sumu karibu yote. Hizo zizikwe, zisipewe kuku, wala zisichanganywe na nzuri. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mfugaji naye anunue pumba kidogokidogo, asiweke akiba ndefu wakati wa mvua.

Kuchambua kunapunguza gunia, na kwa familia yenye njaa hilo linauma. Ndiyo maana wanunuzi, pamoja na vikundi vya akina mama wanaofuga kuku, wanapaswa kukubali kulipa zaidi kidogo kwa mahindi safi. Bei ikiwa ileile kwa safi na chafu, nani atapoteza siku nzima akichambua?