Betri za lithiamu: wenye magari wahesabu siku za kambi, si bei ya dukani

ARUSHA — Wanaokodisha magari ya kupiga kambi, yale Land Cruiser yenye hema juu ya paa na friji nyuma, wana uamuzi mgumu wa kufanya. Betri ya pili, ile inayolisha friji na taa wakati injini imezimwa, iendelee kuwa ya risasi na asidi kama ilivyozoeleka, au ibadilishwe kuwa ya lithiamu ambayo bei yake hushtua mnunuzi mara tu anapoitajiwa?

Jibu la swali hilo linapatikana Ololosokwan kuliko dukani. Kijiji hicho cha tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kiko jirani na lango la Klein's la Hifadhi ya Serengeti, na gari lililotoka Arusha haliendi huko na kurudi siku hiyo hiyo. Wageni hukaa siku mbili tatu, na gari husimama kambini saa nyingi. Umeme wa jua si mgeni kijijini hapo, kwani mwaka 2016 UNESCO na Samsung walizindua mradi wa kijiji cha kidijitali wenye darasa linaloendeshwa kwa sola. Lakini msafiri hutegemea alichobeba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Friji ya gari pamoja na taa, simu na kamera za wageni huweza kula ampea-saa 60 kwa siku. Betri ya asidi iliyoandikwa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inatoa 50 tu. Asubuhi ya pili nyama imelainika na dereva anawasha injini isimame ikinguruma nusu saa, dizeli inaungua na wageni waliolipia ukimya wa porini wananung'unika. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo hutoa 80 hadi 90 bila kudhurika. Ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya asidi hukaribia kilo 30, na ili kupata kazi ile ile zinatakiwa mbili.

Wauzaji hupenda kusema kwamba lithiamu hudumu mara kumi. Kwenye karatasi ni mara sita hivi au zaidi: betri ya asidi huchajiwa na kutumika mara 500 hivi, ya lithiamu ya fosfati ya chuma mara 3,000 na zaidi. Hata hivyo gari linalolala porini siku 120 kwa mwaka litahitaji miaka 25 kumaliza mara hizo 3,000, na hakuna mwenye gari anayepanga biashara ya miaka 25. Hesabu ya haki ni ya miaka kumi. Katika muda huo mwenye gari la asidi, kwa barabara zetu za makorongo na mitikisiko inayopukutisha sahani za risasi, atanunua jozi tatu, yaani betri sita. Lithiamu moja ikiuzwa hata kwa bei ya betri nne za asidi, bado imemfaa. Lakini mwenye gari la familia anayetoka Krismasi na Pasaka peke yake, abaki na betri yake kavu ya asidi. Asidanganywe.

Bei nayo inashuka. Kwa mujibu wa BloombergNEF, wastani wa dunia wa bei ya pakiti za lithiamu mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kila kilowati-saa, wakati mwaka 2010 ulikuwa zaidi ya dola 1,000. Bei hiyo ni ya viwandani, ya dukani ni nyingine, lakini mwelekeo ni huo huo.

Kinachoharibu biashara hii ni uuzaji wa nusu nusu. Mteja anauziwa betri, anaifunga pale pale ilipokaa ya zamani chini ya boneti, waya ule ule, na kuondoka. Lithiamu hunywa umeme kwa pupa. Altaneta ya gari la zamani hulazimishwa kutoa nguvu zake zote kwa muda mrefu, hasa gari likienda polepole na feni haipozi, na mwishowe huungua. Altaneta ikiungulia Ololosokwan, fundi na kipuri viko mbali, na faida ya msimu imekwenda. Dawa ni chaja inayokaa kati ya altaneta na betri. Chaja ya ampea 30 hurudisha matumizi ya siku nzima kwa mwendo wa saa mbili. Joto la injini nalo huua lithiamu, hivyo betri ihamishiwe ndani, nyuma ya viti. Hapo itakingwa pia na baridi ya Julai kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 juu ya bahari, kwani betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Duka lisilotaja chaja wala mahali pa kuifunga halijauza kitu kizima.

Yapo ya kusikitikia asidi. Betri yake chakavu ina mnunuzi kila mji, anayeipima kwa kilo; ya lithiamu ni vigumu kumpata wa kuichukua. Ila risasi hiyo inayonunuliwa kwa kilo ina gharama zake kwa wengine. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa na mahakama fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024.

Wenye magari wanaotaka kubadilisha kabla ya nyumbu kufika kaskazini mwa Serengeti mwezi Julai watafute fundi Aprili, wakati mvua zimepunguza safari na magari yamelala gereji. Ikifika Juni mafundi hawana nafasi, na kazi ya haraka ndiyo inayosahau chaja.