BILA 51 HAKUNA MEZA: KAULI YA KATIBU WA TAWI



Vijana wetu wawili walioajiriwa na mkandarasi wa mgodini walinifuata na swali: "Katibu, tumejaza fomu za chama cha wafanyakazi, mwajiri anasema hakitambui. Ana haki hiyo?"

Jibu langu: hana, mradi hesabu yenu imetimia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 67, inakipa haki ya kutambuliwa chama kilichosajiliwa chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo husika. Kikishatoa taarifa, mwajiri anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30. Asipokutana nacho, au wasipoelewana, mgogoro unakwenda CMA kusuluhishwa. Ikishindikana, Mahakama ya Kazi, ambayo inaweza kuagiza kura ipigwe. Mwajiri hachagui chama anachokipenda. Na viongozi wa chama wana haki ya kuingia kazini kuandikisha wanachama.

Sasa shida yetu wenyewe. Tuseme kampuni ina watu 100. TAMICO ina 45, NUMET ina 40. Watu 85 wana kadi, lakini hakuna chama chenye 51. Mwajiri hana hata haja ya kuwapinga, mmeshajimaliza.

Wengine wanasema tugome. Tukumbuke Bulyanhulu, Oktoba 2007: mgomo uliitwa haramu, mamia wakapoteza kazi. Hasira bila utaratibu inalipwa na familia.

Msimamo wangu: tawi lisimchagulie mtu chama cha wafanyakazi. Ila mnaofanya kazi sehemu moja kaeni, mkubaliane kimoja. Tunzeni nakala ya fomu yenye tarehe. Barua ya taarifa igongwe muhuri wa kupokelewa, maana siku 30 zinahesabiwa kwa karatasi, si kwa maneno. Someni pia hati ya mshahara: ada iliyokatwa inatakiwa kufika kwenye chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

Na ninyi wa mashine za mpunga hapa Kagongwa msikae pembeni. Sheria ni hiyo hiyo.

Mwenye fomu aje nayo ofisini jioni, tuhesabu pamoja.

Wenu katika ujenzi wa Chama,
Katibu wa Tawi, Kagongwa