Mzigo Si Mazoezi

KATIKA kila msiba na kila shughuli ya ndoa hapa nchini lipo jambo ambalo sote tumekwisha lizoea hata hatulioni tena. Wakati wa kuondoka unapofika, mama wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa ameketi mkekani hunyosha mkono ili avutwe. Binti humshika, mama huinuka akiugulia magoti, watu hucheka kidogo, naye husema, "Uzee huu, wanangu." Kisha kila mtu hushika njia yake.

Sisi tunasema huo si uzee. Mtu wa miaka hamsini na miwili bado ana miaka mingi ya kulea, kulima, kufanya biashara na kuongoza. Mara nyingi kinachomshinda pale mkekani ni misuli ya mapaja iliyopungua nguvu, na nguvu hiyo inaweza kurudishwa.

Wataalamu wamekwisha eleza kwamba tangu umri wa miaka 30 hivi binadamu hupoteza baina ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Kwa mwanamke lipo na pigo la pili. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiilinda mifupa hushuka, na katika miaka mitano hadi saba inayofuata anaweza kupoteza hata sehemu moja ya tano ya uzito wa mifupa yake. Haumwi wala haoni dalili. Siku moja anateleza bafuni, nyonga inavunjika, na nyumba nzima inabadilika: binti anafunga genge lake ili auguze, mbuzi wanauzwa, na mama aliyekuwa nguzo ya ukoo anageuzwa ubavu kitandani na wajukuu.

Hapana shaka wapo watakaotucheka. Watasema kwamba mwanamke wa Kitanzania amekwisha beba maji, kuni na mtoto mgongoni tangu akiwa msichana, na kwamba habari za kunyanyua vyuma ni starehe za walioshiba. Hoja hii hatuipuuzi. Azimio la Arusha lenyewe, mwaka 1967, lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote nchini, wengine saa 12 hata 14 kwa siku. Kumwendea mwanamke wa namna hiyo na kumwambia kuwa hajitumi itakuwa kejeli, hasa ikitoka kwa mwandishi anayeshinda kitini.

Lakini kazi na mazoezi ni vitu viwili. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji mama akiwa na miaka ishirini, na ina kilo hizo hizo akiwa na hamsini. Ataibeba leo, kesho na keshokutwa, ameshiba au hakushiba, na uzito wote unaelemea shingo na kiuno. Katika mazoezi ya nguvu uzito huchaguliwa kulingana na mtu, huongezwa kidogo kidogo, miguu, mgongo, kifua na mikono hupata zamu, na baadaye mwili hupumzishwa siku moja au mbili, kwa kuwa misuli hujengeka wakati wa mapumziko na kwa chakula cha kutosha. Mama wa kijijini anayeteka maji mbali anahitaji kwanza bomba karibu na nyumba yake, na mume anayekubali kushika ndoo. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwambia habari za mazoezi.

Aliye mjini hana udhuru huo, na idadi yake inakua kila mwaka. Yupo karani aliyeketi tangu asubuhi, yupo mwenye duka, yupo fundi cherehani. Wote hurudi nyumbani kwa daladala au bodaboda. Hawa ndio wanaodhoofika kimya kimya.

Kwamba nguvu hurudi si maneno matupu. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, waliwapa wazee kumi wenye umri wa miaka 90 hivi mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane, na nguvu zao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Griffith cha Australia kilitangaza matokeo ya wanawake 101 waliovuka miaka 58, ambao mifupa yao ilikuwa imekwisha dhoofu. Waliofanya mazoezi mazito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya msimamizi, waliongeza uzito wa mifupa ya kiuno kwa karibu asilimia 3 katika miezi minane. Wenzao waliopewa mazoezi mepesi nyumbani walipungukiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza wananchi wafanye mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Tuliona watu wengi wakitembea na kukimbia, jambo jema kwa moyo na kwa shinikizo la damu. Lakini kukimbia pekee hakuupi mgongo wala mikono nguvu ya kutosha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Ajabu ni kwamba watumishi wanawake wanaovuta kamba katika michezo ya SHIMIWI wanalijua jambo hili kwa mikono yao, ila mashindano yakiisha kamba hurudi stoo.

Ipo pia kasumba kwamba chuma humgeuza mwanamke kuwa dume. Homoni inayotunisha misuli ya wanaume mwanamke anayo kwa kiasi kidogo sana. Atakachopata ni kuinuka mkekani bila kuvutwa.

Vifaa si kisingizio. Dumu la lita tano likijaa maji ni kilo tano, na mfuko wa mchanga hauagizwi ng'ambo. Kuketi na kuinuka kitini bila kushika, kusukuma ukuta, kuinua dumu toka chini kwa kukunja magoti na mgongo ukiwa umenyooka: aanze na uzito anaoweza kuuinua mara kumi kwa shida kidogo, na ukishakuwa mwepesi auongeze. Mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuvunjika aonane kwanza na mganga wa zahanati. Na sahani iwe na maharage, dagaa au yai. Akina mama wengi hugawa kitoweo chote kwa watoto na kubaki na mchuzi.

Tunazitaka halmashauri ziwape maofisa michezo wao kazi hii kwa maandishi, na Umoja wa Wanawake ufungue kumbi za Chama jioni mbili kwa wiki, ambazo sasa hukodishwa kwa sherehe mwisho wa juma na siku nyingine zimefungwa kwa kufuli.