Picha Iliyopungua Kipimo



Mwaka jana nilimchapia mjukuu wangu picha ya pasipoti hapa nyumbani. Kanuni ya Marekani yataka inchi 2 kwa 2, yaani milimita 51 kila upande. Yangu ilipungua milimita 2. Tukaandikiwa barua kudaiwa picha nyingine, na safari ya kwenda Mombasa kumjulia hali bibi yake mzaa mama ikaahirishwa.

Mashine haikuwa na kosa. Kwenye kompyuta ilikuwa imeteuliwa amri ya kuienesha picha katika ukurasa, nayo huikuza au huipunguza bila ya kukuulizeni. Iondoeni, mchague ukubwa halisi, yaani asilimia 100.

Kisha hakikisheni kuwa karatasi iliyotajwa kwenye kompyuta ndiyo iliyomo mashineni. Ya Marekani ni inchi 8.5 kwa 11. A4 tuliyoizoea kwetu ni milimita 210 kwa 297.

Mwisho, chapeni kwanza kwenye karatasi ya kawaida, mpime kwa rula. Mimi niliyasadiki macho yangu. Rula ilikuwa mezani, sikuiuliza.