Utulivu Hauuzwi Dukani

Hakuna neno jepesi kutamka na gumu kutekeleza kama neno "tulia". Siku ya mtihani wa udereva kwa vitendo kila mtu huligawa bure. Mzazi humwambia mwanawe, mwalimu wa udereva humwambia mwanafunzi wake, na hata mtahini mwenye karatasi mkononi hulitamka, tena kwa sauti ya kumtetemesha mtu zaidi. Nami nasema, ndugu msomaji, kwamba ushauri huo peke yake ni sawa na kumwambia mwenye njaa ashibe.

Tuanze na hofu yenyewe. Moyo kwenda mbio, viganja kulowa jasho, mguu wa kushoto kucheza juu ya klachi: hizo si dalili za ujinga, wala si "uoga wa kike" kama wanavyopenda kusema wanaume wa vijiweni. Ni mwili unaojiandaa kukabili jambo zito. Waliosema wasiwasi ndiyo akili hawakukosea. Asiyeona wasiwasi wowote anaposhika usukani wa chombo chenye uzito wa tani nzima, katikati ya watoto wa shule na bodaboda, huyo ndiye wa kuogopwa.

Tatizo la hofu ni moja. Humfanya mtu akodoe macho mbele tu, akasahau vioo, akasahau kuwasha indiketa, akasahau kwamba kwenye kipilefti anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita. Lakini angalia vizuri: hofu humpora mtu kwanza yale aliyoyakariri kichwani. Yale yaliyokwisha kuzama mikononi na miguuni hayaondoki upesi. Aliyeondoa gari kilimani mara mbili tu ataizima siku ya mtihani. Aliyefanya hivyo mara hamsini, akazoea kusikia mlio wa injini ukibadilika klachi inaposhika, ndipo akaachia hendibreki, huyo ataondoka hata magoti yakigongana. Basi utulivu ni mavuno. Huwezi kuyadai mavuno siku ya mtihani kama hukulima.

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya shule zetu za udereva. Zipo zinazomzungusha mwanafunzi kwenye barabara ileile moja ya mtihani, zikamwonyesha mti wa kukatia kona na nguzo ya kuanzia kupiga breki. Huko si kufundisha udereva, ni kukaririsha mtaa. Siku mtahini akisema "pinda kushoto" pasipozoeleka, mwanafunzi amekwisha. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, mtahiniwa ameanzia mezani, akisukuma kigari cha kuchezea juu ya bodi yenye mfano wa mji. Bodi ile inafaa kwa kujifunza nani apite kwanza. Lakini kigari hakina klachi, hakipigiwi honi na matatu, wala hakina mwenda kwa miguu anayejitokeza ghafla nyuma ya basi. Anayedhani ameiva kwa sababu ya meza hajaiva.

Nagombana zaidi na wale wanaosema, "Wasiwasi wa nini? Toa chai." Utulivu huo wa kununua ni wa dakika chache tu. Leseni iliyopatikana kwa bahasha haimjui mtoto anayekimbilia mpira. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Anayeuza leseni na anayeinunua wote wawili wana sehemu yao katika hesabu hiyo.

Nitaambiwa mafuta ni ghali na masomo ni ghali. Ni kweli. Lakini hata kwenye gari lililosimama, injini imezimwa, mtu aweza kuzoeza mkono wake gia na jicho lake vioo bila kutumia tone la mafuta. Aweza kukaa na dereva mwema, akajisemea moyoni kila hatari anayoiona mbele. Mazoezi hayo hayana ada.

Nitaambiwa tena kwamba kosa moja tu humwangusha mtu. Si kila kosa. Uingereza, iliyoanza kulazimisha mtihani huu mwaka 1935, leo humvumilia mtahiniwa hadi makosa madogo 15; kinachomwangusha mara moja ni kosa kubwa au la hatari. Hekima yake ni wazi: dereva hupimwa pia kwa namna anavyorudi kwenye hali yake baada ya kuteleza. Watahini wetu nao wangefanya vyema kuikumbuka hekima hiyo kabla ya kufoka.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa, fika mapema. Rekebisha kiti na vioo, funga mkanda, bila kuharakishwa na mtu. Vuta pumzi, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Usiposikia agizo, omba lirudiwe. Kuuliza si kosa. Gari likizimika, vuta hendibreki, weka gia huru, washa upya, tazama vioo, ondoka. Usiombe radhi mara kumi, wala usiendelee kulilia kosa la kona iliyopita huku kona nyingine inakujia.

Na ukianguka, rudi ukajifunze. Ni heri kuanguka mbele ya mtahini mara tatu kuliko kufaulu bila kustahili, halafu barabara yenyewe ije ikutahini. Barabara haina mtihani wa marudio.